Kabla hujalipiga gari lako rangi upya

Jua, maji ya kisima na kinyesi cha kunguru hulizeesha gari kabla ya siku zake. Mafundi wa diteilingi wanasema sehemu kubwa ya uharibifu huo inarekebishika, ila kuna mpaka ambao haufai kuvukwa.

Gari la mtumba likishushwa bandarini Dar es Salaam kutoka Japani, mara nyingi huwa limeshatumika miaka kumi au zaidi, na bado rangi yake inatazamika. Lipe miaka mitatu ya kushinda juani Tabata au Mbagala, lioshwe kila Jumamosi kwa sabuni ya unga na fulana kuukuu, kisha lizunguke ulitazame tena. Boneti imepauka. Paa lina mabaka meupe. Taa za mbele zimegeuka njano. Mwenye gari anaanza kuulizia bei ya kupiga rangi gari zima.

Hapo ndipo wengi wanapoingia hasara. Rangi aliyonayo, hata ikiwa imefubaa, huenda ndiyo bora kuliko nyingine yoyote ambayo gari hilo litawahi kupata. Kiwandani bodi hupakwa rangi ikiwa tupu, haina viti, nyaya wala vioo, kisha huingizwa kwenye tanuri lenye joto la karibu nyuzi 140 za Selsiasi. Hakuna gereji ya mtaani inayoweza kuoka gari lililokamilika kwa joto hilo. Plastiki zake zisingesalimika. Fundi wa mtaani hutegemea hadina ili rangi ikauke, na hutegemea bahati ili upepo usimletee vumbi. Wapo wanaofanya kazi safi sana, lakini hata hao watakwambia kuwa rangi ya kiwandani haiondolewi bila sababu.

Kati ya kuliacha gari lifubae na kulipiga rangi upya kuna njia ya tatu, nayo ni diteilingi: kuisafisha rangi iliyopo, kuisawazisha kwa mashine, kisha kuikinga. Siku hizi vijana wanaoifanya kazi hii wapo Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na Mombasa, wengine kwenye maduka yenye taa za kila aina, wengine uani nyuma ya nyumba. Wateja wanawaendea kwa picha walizoziona kwenye simu: boneti iliyokufa upande mmoja, upande wa pili inarudisha mawingu.

Lakini picha hizo hazisemi jambo moja. Mng'aro haupakwi. Gari hung'aa kwa kupunguzwa, si kwa kuongezwa. Kila mashine inapopita juu ya boneti, rangi kidogo huondoka na hairudi tena. Ufundi wote wa kazi hii uko katika kujua uondoe kiasi gani na uishie wapi.

Unene wa karatasi

Magari mengi ya tangu miaka ya 1990 yana tabaka nne juu ya bati. La chini kabisa ni la kuzuia kutu, ambalo hushikishwa kwa umeme bodi ikiwa imezamishwa kwenye birika kubwa. Juu yake kuna praima. La tatu ni rangi yenyewe, ile unayoitaja ukiulizwa gari lako ni la rangi gani. La juu halina rangi. Ndilo ambalo mafundi wanaliita klia. Rangi ya tabaka la tatu peke yake haing'ai. Mng'aro wote unaousifia unatoka kwenye klia.

Ukizijumlisha tabaka zote nne unapata unene wa kati ya maikroni 90 na 150. Maikroni moja ni sehemu ya elfu moja ya milimita, na karatasi ya kawaida ya kuchapia ina kama maikroni 100. Klia peke yake ni maikroni 35 hadi 50. Kompaundi kali, yaani dawa ya kusugulia rangi, ikipigwa kwa pedi ya sufu inaweza kuondoa maikroni kadhaa kwa kikao kimoja. Polishi laini huondoa moja hivi, au pungufu. Piga hesabu mwenyewe. Gari linalopelekwa kupigwa kompaundi kila Idi na kila Krismasi halichukui miaka mingi kabla pedi haijagusa rangi ya chini.

Tena klia haipo kwa ajili ya urembo tu. Ndani yake kuna kemikali zinazonyonya miale ya urujuanimno ya jua. Ikikonda kupita kiasi, jua linapenya hadi kwenye rangi, mshikamano wa tabaka unalegea, na klia inaanza kubabuka.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la fundi makini ni kipimo cha unene wa rangi. Ni kifaa kinachoenea kiganjani, kinagusishwa kwenye bati na kusoma namba. Mlango ukisoma 105, unaofuata 110, boneti 112, gari halijaguswa tangu kiwandani. Ukikuta mlango mmoja unasoma 300, ulishapigwa rangi. Ukifika 800, chini yake kuna puti, na gari liliwahi kugongwa hata kama dalali anaapa. Kwenye bampa la plastiki vipimo vya kawaida havisomi kitu, hivyo fundi huenda taratibu zaidi hapo.

Anayeagiza gari moja kwa moja kutoka Japani ana msaada mwingine, yaani karatasi ya mnada. Ule mchoro wa gari wenye herufi pembeni si pambo. A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi; namba inayofuata herufi huonyesha ukubwa wa tatizo, 1 ikiwa ndogo. Gari lenye A1 tatu au nne milangoni ni kazi nyepesi kwa mashine. Lenye W3 ubavuni ni habari nyingine kabisa.

Kuna pia magari yasiyo na klia. Nyeupe ya Toyota yenye namba 040, ambayo imejaa barabarani kwetu, mara nyingi ni rangi ya tabaka moja. Namba hiyo husomwa kwenye kibati cha utambulisho, ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Pikapu nyingi nyekundu za zamani nazo ni za namna hiyo. Ndizo zile zilizogeuka waridi. Rangi ya tabaka moja ikifubaa hutoa unga ukipitisha kidole, na fundi akipiga polishi pedi yake hugeuka rangi ya gari. Mteja asiyejua hushtuka akadhani gari lake linachunwa ngozi. Fundi hajakosea. Anaondoa safu ya juu iliyokufa kwa jua, na chini yake rangi nzima bado ipo.

Wanaoiharibu rangi

Mharibifu wa kwanza ni jua. Dar es Salaam iko takribani nyuzi 7 kusini mwa ikweta, Tokyo iko nyuzi 35 kaskazini; gari lililokulia kwenye jua la pembeni linaletwa kusimama chini ya jua la utosi. Boneti nyeusi iliyoegeshwa juani mchana hupita nyuzi 60 bila shida. Ndiyo maana paa, boneti na mfuniko wa buti hufa kwanza, huku milango ikiendelea kupendeza.

Wa pili ni maji. Visima vingi vya mjini vina maji yenye madini ya kalsiamu na magnesi, na karibu na bahari yana chumvi. Ukiosha gari juani na kuliacha likaukie lenyewe, maji yanaondoka, madini yanabaki yakiwa vidoa vya duara. Yakiwahiwa, siki iliyochanganywa na maji huyatoa. Yakiachwa miezi, hula klia na kuacha vishimo vidogo ambavyo ni mashine tu inayovipunguza.

Wa tatu ni kunguru. Kunguru huyu wa mjini si mwenyeji. Aliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, akaenea pwani nzima. Kinyesi cha ndege kina tindikali ya yuriki. Klia ikipata joto hulainika kidogo, uchafu ukazama. Jioni ikipoa hujikunja kuuzunguka, na alama inabaki hata baada ya kuosha. Anayekimbilia kivuli cha mwembe ili kuliepusha gari na jua hukutana na kunguru huyohuyo, pamoja na utomvu wa maembe.

Lakini anayeharibu magari mengi kuliko wote ni tambara la kuoshea. Tazama vituo vingi vya kuoshea magari barabarani: ndoo moja, tambara moja, magari sita. Mchanga uliotoka kwenye matairi ya daladala unaingia kwenye ndoo, unarudi na tambara, unasuguliwa kwenye boneti ya gari linalofuata. Baadaye gari linafutwa kavukavu. Sabuni ya unga ya kufulia nayo inatoa mafuta kwenye nguo vizuri sana, na inaondoa waksi kwenye gari vizuri vilevile.

Ukitaka kuuona uharibifu huo, simama juani mbele ya gari jeusi. Kuuzunguka mwanga wa jua kwenye boneti utaona nyuzinyuzi nyingi zimejipanga kwa mduara. Mikwaruzo yenyewe haikuchorwa kwa mduara. Imelala kila upande, ila ile iliyokingama mbele ya mwanga ndiyo inayourudisha machoni, hivyo jicho linaona duara. Sogea hatua mbili, na duara linakufuata.

Siku ya kwanza mashine haiwashwi

Katika uwanja mmoja wa diteilingi Sinza, Dar es Salaam, tulikuta Toyota Mark II nyeusi ya mwaka 1998. Ilikuwa imekaa chini ya mti miaka kadhaa tangu mwenyewe alipofariki, na sasa mjane wake ameamua kuitumia. Matairi yalishabadilishwa na injini ilikuwa inawaka. Rangi ilikuwa ya kijivu zaidi kuliko nyeusi, na kwenye paa palikuwa na madoa ya ndege yasiyohesabika. Mafundi wawili wa bodi walikuwa wameshamshauri apige rangi gari zima.

Siku nzima ya kwanza kijana aliyepewa kazi hiyo hakuigusa mashine ya polishi. Alianza na maji ya presha kuondoa mchanga bila kuugusa. Akapuliza povu, akaliacha lilegeze uchafu, akaosha kwa glavu ya maikrofaiba na ndoo mbili: moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia glavu, yenye wavu chini ili mchanga ukizama usirudi. Alianzia paa akashuka, matairi na sehemu za chini ya milango zikawa za mwisho.

Kisha akapulizia dawa ya kutoa chembe za chuma. Dakika mbili baadaye michirizi ya zambarau ilikuwa inatiririka milangoni, na harufu ya mayai viza ikajaa uwanjani. Dawa hiyo hubadilika rangi inapokutana na chuma. Chembe zenyewe hutoka kwenye breki za magari, zikiwa za moto hujichomeka kwenye klia na kushika kutu humo. Kwenye gari jeupe huonekana kama vidoa vya rangi ya kahawia. Lami iliyorukia nyuma ya matairi aliitoa kwa mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, akapaosha papo hapo.

Gari lilionekana safi. Akavaa glavu nyembamba ya plastiki, akapitisha vidole juu ya boneti, akamwita mwenye gari naye ajaribu. Kwa mkono mtupu boneti ilikuwa laini. Kwa glavu ilikwaruza.

"Bado kuna uchafu umeng'ang'ania, mama. Nikiweka mashine sasa hivi, pedi itauokota na kuusaga humohumo," alisema.

Dawa ya hapo ni udongo maalumu wa kusafishia rangi, donge linalofinyangika ambalo hutelezeshwa juu ya bati lililolowa maji ya sabuni na kunasa kila kilichochomoza. Ni ubunifu wa Kijapani. Hati miliki iliyotolewa Marekani mwaka 1995 ina jina la Tadao Kodate. Kila baada ya kipande kidogo cha boneti kijana aliligeuza donge na kulikanda upya, maana upande uliotumika ulikuwa umeshakuwa mweusi. Sharti lake ni moja: likianguka chini hutupwa, hata kama ni jipya. Chembe moja ya mchanga ikishika humo, donge linageuka msasa.

Nusu boneti

Siku ya pili alibandika teipu ya karatasi kwenye kingo zote za boneti, kwenye plastiki za kuzunguka vioo na kwenye mistari ya bodi iliyochongoka. Kwenye kingo na mistari hiyo rangi huwa nyembamba kuliko kwingineko, na ndiko magari mengi huunguzwa. Akabandika teipu nyingine katikati ya boneti kutoka mbele hadi nyuma. Kipimo kilikuwa kimesoma kati ya 98 na 115 gari zima, isipokuwa fenda ya kushoto iliyosoma 260. Ilishawahi kupigwa rangi. Mama mwenyewe akakumbuka ajali ya siku nyingi.

Kisha akachagua mraba wa kama sentimita 50 wa kufanyia majaribio. Alianza na polishi laini kwa pedi ya sponji, akafuta, akamulika kwa taa. Mikwaruzo ilipungua kidogo tu. Akapandisha: kompaundi ya kati kwa pedi ya maikrofaiba. Akafuta tena kwa kitambaa chenye spiriti ili mafuta ya dawa yasimdanganye, akamulika. Hapo akaridhika. Utaratibu ndio huo kwa mafundi wanaojali: unaanza na dawa dhaifu, ikishindwa ndipo unapanda. Anayeanza na kali hawezi kujua kama dhaifu ingetosha.

Mashine aliyotumia inazunguka huku inayumba, hivyo joto halikusanyiki mahali pamoja. Mafundi wengi wa bodi wanatumia ile inayozunguka kwa mhimili mmoja, inayofanana na grinda. Hiyo inakata haraka, na mikononi mwa mzoefu inafanya kazi nzuri. Mikononi mwa mwenye pupa, sekunde chache za kusimama mahali pamoja zinatosha kuunguza klia. Hata isipounguza, huacha alama za mawimbi zinazoonekana gari likitoka juani, na zile picha za kwenye simu mara nyingi hupigwa kivulini.

Matone manne ya dawa, kila moja ukubwa wa njegere. Aliyasambaza kwa mwendo mdogo kwanza, kisha akaongeza kasi, akapita kwa mlalo, akarudi kwa wima, mistari ikipandana nusu kwa nusu. Mkono ulikwenda pole kiasi kwamba mtazamaji anashawishika kumhimiza. Kila baada ya mraba mmoja aliweka kiganja kwenye bati kupima joto, akasafisha pedi kwa hewa ya kompresa. Alipobandua teipu ya katikati, upande wa kulia wa boneti ulikuwa mweusi wa kweli na taa ya dari ilionekana humo ikiwa na kingo zake. Upande wa kushoto taa hiyohiyo ilikuwa ukungu.

Kwenye mlango wa nyuma palikuwa na mstari mrefu, pengine wa ufunguo. Kijana aliupitishia ukucha, ukucha ukanasa. Ni kipimo cha zamani na bado kinafaa: mkwaruzo unaonasa ukucha umeingia ndani kuliko klia inavyoweza kutoa kwa usalama. Akaupiga mara mbili, ncha zake zikalainika na ukaacha kumeta. Akazima mashine.

"Mbona bado nauona, mwanangu?" mama aliuliza.

"Hata mimi nauona, mama. Nikiufuata hadi uishe nitakuwa nimemaliza klia yote ya hapa. Mwakani pataanza kubabuka, na hapo utakuja kunidai mlango."

Mama alicheka, akakubali. Madoa ya ndege kwenye paa nayo hayakwisha yote. Yaliyobaki yanaonekana ukiinama na kuyatafuta, na kijana alimwonyesha moja baada ya jingine kabla hajamkabidhi gari. Kazi ilichukua siku tatu.

Mashine isipofaa

Si kila gari lina bahati ya Mark II ile. Klia iliyoanza kubabuka haina dawa ya mashine. Ukiona paa lina mabaka meupe yenye ukingo unaonyanyuka kwa ukucha, polishi itaupanua tu ukingo huo. Hapo ni kupiga rangi sehemu hiyo, nayo ni sehemu hiyo tu, si gari zima. Mafundi wa diteilingi wanaopokea gari la namna hiyo bila kumwambia mwenyewe wanamuuzia wiki mbili za furaha.

Kutu iliyochomoza chini ya rangi nayo ni kazi ya fundi wa bodi. Kutu haisuguliwi kutoka juu. Inaanzia kwenye bati.

Na kuna ung'avu wa kuazima. Gari linapakwa dawa yenye silikoni na mafuta ya kujaza mikwaruzo, linametameta kwenye yadi, mnunuzi analipa. Baada ya kuoshwa mara mbili au tatu mikwaruzo yote imerudi. Ukinunua gari, omba ruhusa ufute kipande kidogo cha boneti kwa kitambaa chenye spiriti na maji nusu kwa nusu, kisha ukimulike kwa tochi ya simu. Muuzaji akikataa, umeshapata jibu.

Taa za mbele zinastahili neno lake. Zile za kisasa si kioo bali ni plastiki ya polikaboneti yenye utando wa kuzuia jua, na unjano ni utando huo ukifa. Husuguliwa kwa msasa wa maji kuanzia namba 800 au 1000, ukapanda 1500, 2000 hadi 3000, kisha polishi. Zikiishia hapo zitarudi njano baada ya miezi, kwa sababu utando wa zamani umeondolewa na hakuna uliowekwa badala yake. Lazima zipakwe kinga mpya ya jua. Dawa ya meno, ambayo kila mtu mtaani anaipendekeza, ina chembe za kusugua na kweli hung'arisha, kinga haina.

Kinga na maneno ya matangazo

Rangi ikishasawazishwa iko uchi na inahitaji kufunikwa. Kinga ya zamani ni waksi, na maarufu kuliko zote ni ya carnauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili. Hutoa mng'aro wenye joto, lakini kwa jua letu hudumu wiki kadhaa tu. Kinga za maabara hudumu miezi. Halafu kuna keramiki, kimiminika chenye asili ya silika kinachoganda juu ya klia na kukaa miaka miwili hadi mitano kikipakwa ipasavyo.

Keramiki ni kitu kizuri, lakini matangazo yake yamezidi. Unene wake ni kama maikroni moja. Haizuii jiwe la barabarani, haizuii ufunguo wa mtoto mtundu, haizuii tambara lenye mchanga. Ile alama ya 9H inayotajwa kana kwamba ni ugumu wa almasi inatokana na kipimo cha penseli: ni penseli ipi iliyo ngumu kuliko zote lakini haiwezi kuukwaruza utando huo. Faida yake halisi ni kwamba maji yanateleza, uchafu haushiki kirahisi, na kinyesi cha kunguru kinakupa muda zaidi wa kukifuta. Jambo la kukumbuka ni kuwa keramiki hufungia kila kilicho chini yake. Ikipakwa juu ya boneti yenye mikwaruzo, umelipia kuihifadhi mikwaruzo.

Kwa asiye na bajeti hiyo, waksi ya kopo kila baada ya miezi miwili, ikipakwa kivulini na mwenyewe Jumapili asubuhi, inatosha kuliweka gari la kawaida katika hali nzuri kwa miaka.

Kinachoamua ni uoshaji. Ndoo mbili, shampuu ya magari, kitambaa cha maikrofaiba kinachofuliwa bila dawa ya kulainisha nguo, kivuli, na kukausha maji kabla hayajajikausha. Kinyesi cha ndege kilowanishwe na kuinuliwa siku hiyohiyo, kisisuguliwe. Kama huna budi kupeleka gari barabarani likaoshwe, nenda na glavu yako na taulo zako. Kijana anayeosha hatakasirika. Atakuona mteja msumbufu kidogo, na gari lako litakushukuru.

Maswali ya kumuuliza fundi

Kabla hujakabidhi ufunguo, muulize kama ana kipimo cha unene wa rangi, na umwombe akupimie mbele yako. Muulize ataanza na dawa gani na atajaribia wapi. Muulize kama atafuta kwa spiriti kabla ya kupaka kinga, ili uione rangi yako na si mafuta yake. Muulize hatua zipi zimo ndani ya bei. Wapo wanaouza waksi ya dakika ishirini kwa jina la diteilingi, na wapo wanaotaja bei kubwa kwa sababu ya keramiki huku kazi ya kusawazisha rangi, ambayo ndiyo ngumu, haimo.

Mwisho muulize ataishia wapi. Fundi anayekuahidi kwamba hautabaki mkwaruzo hata mmoja, kwenye gari lenye miaka ishirini na tano, ama hajui klia yako ina unene gani ama hajali, maana itakapobabuka yeye atakuwa ameshalipwa. Chukua ufunguo wako. Mtafute yule atakayekuonyesha mkwaruzo na kukwambia huu nitauacha, halafu akueleze kwa nini.